Nyuki Waliokwenda Mlimani

Bonde la Huon, Tasmania
4 Septemba 1988

Dada Narelle,

Hatujambo wote, hata yule ng'ombe mzee uliyedhani atakufa. Natumaini na Melbourne haijakushinda.

Ningekupigia simu, lakini unajua simu yetu iko jikoni, na Mama hujifanya anapanga vijiko ambavyo vimeshapangwa. Nikishika simu maneno hunikimbia. Kwenye karatasi yanatulia kidogo.

Nimeacha shule Ijumaa. Hakuna aliyelia. Mwalimu wa hesabu ameniita Karen mpaka siku ya mwisho, na mimi sikumsahihisha kwa sababu ulikuwa umeshapita mwaka wa tatu tangu aanze, ningemwaibisha bure.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Leo mchana mezani Baba alikuwa anakata nyama. Akaweka kisu chini, akasema maneno ambayo nadhani amekuwa akiyatafuna tangu majira ya baridi. Alisema shamba hili linaweza kumweka binti mmoja tu, si wawili. "Stroberi za mchumo wa kwanza zikifika Melbourne na kuuzwa mbichi kabla ya Krismasi, Kerryn atabaki, na shamba la chini atalisimamia yeye. Zikiishia kiwanda cha jemu, namwita Narelle nyumbani, na Kerryn ataenda Hobart kwa shangazi yake akajifunze kupiga chapa."

Mama akasema, "Mervyn, mtoto ndiyo kwanza ametoka shule."

Baba akasema, "Narelle katika umri huu alikuwa ananusa mvua kabla haijavuka mlima."

Mimi nilikuwa nimeomba chumvi tu.

Dada, sitaki Hobart. Kule nitaketi chumba kimoja na wasichana ishirini wanaocheka kwa sauti. Hapa nikiwa kwenye matuta asubuhi, hakuna anayeniuliza mbona nimenyamaza. Lakini kila nikishika jembe naambiwa Narelle alilishika vipi. Sina raha ya kukuuliza wewe, nakuambia wazi. Ila wewe ndiye unayejua. Nifanye nini?

Hewa ni ya joto ajabu kwa Septemba. Miche imeamka yote kwa pamoja.

Mdogo wako,
Kerryn

—

Melbourne
13 Septemba 1988

Kerryn mdogo wangu,

Kwanza, habari ya kunusa mvua. Sikunusa kitu. Nilikuwa nasikiliza utabiri kwenye redio ndogo chini ya blanketi, halafu nashuka kifungua kinywa nikiwa nimekunja pua. Usimwambie.

Pili, usifurahie joto hilo. Septemba ya namna hiyo ni mtego. Miche inadanganyika, inatoa maua mapema, halafu Oktoba inashusha upepo wa kusini na mvua ya baridi, na maua yanabaki pale yamefumbua macho, hayana wa kuyatembelea. Nyuki hatoki kwenye baridi. Naye ni kama wewe siku ya michezo ya shule.

Kwa hiyo jambo la nyuki ndilo litakalokuokoa au kukuzika. Usikubali Mzee Clem mfuga nyuki alete mizinga yake mpaka katika kila maua kumi unayotarajia, moja liwe limeshachanua. Atakusukuma, kwa sababu anataka lori lake liwe tupu. Mkazie. Nyuki akiletwa shambani akakosa maua, atapanda mlimani kwenye ile miiba ya maua ya njano. Na akishaizoea, hata stroberi zichanue mlangoni kwake hazitazami. Anaendelea na miiba yake mpaka iishe.

Mimi huku sasa ni mkaguzi. Trei zikishuka kutoka uwanja wa ndege mimi ndiye nachokoa kikasha na kusema daraja la kwanza, la pili, au jemu. Wauzaji wakubwa wazima wananiita "mama" ili niwaonee huruma. Siwaonei.

Usiwe na hofu kwamba nitarudi kukufukuza. Nimezoea tramu. Nina chumba chenye dirisha.

Narelle

—

Huon
25 Septemba 1988

Dada Narelle,

Asante kwa ushauri. Mizinga imeshafika.

Mzee Clem alikuja Jumanne na lori lake, akakuta nimeinama nang'oa magugu. Hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Baba yupo?"

Nikasema ameenda kununua mbolea.

"Basi nitarudi. Au nimpigie Narelle? Narelle alikuwa ananisubirisha, huyo! Msichana ana kichwa. Ananiambia, 'Clem, bado,' na mimi mzee mzima nageuza lori. Wewe ni yule mwingine, siyo? Yule asiyesema?"

Nikasema mimi ni Kerryn.

"Haya, Kerryn asiyesema. Niondoke?"

Dada, sijui kilichonipata. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikamwambia, "Mimi si Narelle. Shusha mizinga."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akiongea. Akashusha. Aliipanga kando ya uzio wa juu, na alipomaliza akavua kofia, akasema, "Kwaheri, bosi." Hakuna mtu aliyewahi kunivulia kofia.

Baba aliporudi aliiona, akasema, "Mapema, eh?" Nikasema maua yanachanua haraka kwa joto hili. Akaitikia kwa kichwa. Ni hivyo tu. Ninyi wawili mngeweza kubishana nusu saa, lakini mimi aliniachia.

Maua yapo. Hapa moja, pale moja. Ni meupe mno.

Kerryn

—

Melbourne
7 Oktoba 1988

Kerryn,

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu kofia ya Clem, na hukuniambia maua yalikuwa mangapi. "Hapa moja, pale moja" si hesabu. Ni moja katika kumi, au ni moja katika mia? Nijibu hilo tu.

Halafu umesema Baba aliitikia kwa kichwa. Sikulala vizuri kwa ajili ya kichwa hicho. Mimi nilipokuwa naongea na Clem, Baba alikuwa anasimama nyuma yangu na mikono mfukoni, na nikimaliza anarudia yote niliyosema kwa sauti nene zaidi, kana kwamba nilikuwa nimeongea kwa lugha ya ndege. Miaka minne. Na wewe wiki yako ya tatu ameenda kununua mbolea.

Redio inasema hali ya hewa inageuka kwenu. Walisema theluji kwenye milima ya magharibi. Je, ni kweli?

Narelle

—

Huon
23 Oktoba 1988

Dada,

Maua yalikuwa ya kutosha.

Ni kweli, hali imegeuka. Mvua ya baridi imeshinda hapa wiki mbili na upepo wake, na milima ni myeupe. Shamba limejaa maua sasa, tuta zima ni kama shuka lililoanikwa, lakini ni maua yanayotetemeka. Nyuki walikaa ndani. Niliweka sikio kwenye mzinga, nikawasikia wananguruma kama watu waliofungiwa ukumbini.

Juzi jua lilitoka. Nyuki hawajambo kabisa, wanafanya kazi sana. Mara nyingine wanaonekana wakielekea mlimani, lakini nadhani wanapita tu.

Kwa kujifurahisha, nimeanza kupitia maua kwa brashi, ua kwa ua, nikihamisha chavua mwenyewe. Nimetumia brashi ya Baba ya kunyolea, ina manyoya laini. Alikuja jikoni na povu shavuni akiuliza, "Nani ameiba brashi yangu?" Mama akasema, "Fuga ndevu, Mervyn, utafanana na marehemu baba yako." Sasa ana ndevu. Hajaniuliza kitu, lakini jana alinikuta nimepiga magoti kwenye tuta la tano na brashi mkononi, akasimama kidogo, akaenda zake. Jioni nilikuta amenishonea magunia mawili pamoja ya kupigia magoti.

Kwa hiyo usihofu. Kila kitu ni kizuri. Mtu akikuuliza huko, mwambie mdogo wako anajua kazi.

Kerryn

—

Melbourne
5 Desemba 1988

Kerryn,

Leo zimefika. Nimeliona jina letu kwenye trei kabla sijaona tunda, na nilifurahi, nilikimbia. Nakuambia ili ujue nilianza na nini.

Juu zilikuwa za kupendeza. Nyekundu mpaka shingoni, zimejaa, zinang'aa. Nikamwita Bwana Stavros, msimamizi wangu, nikamwambia, "Njoo uone kazi ya nyumbani kwetu." Akaja. Akachukua kikasha, akakigeuza juu ya meza.

Chini yake zilikuwa zimekunjamana kama ngumi za mtoto mchanga. Upande mmoja nyama, upande mwingine mbegu zimesongamana, kijani, ngumu. Akageuza kingine, yale yale. Watu wa meza ya jirani wakaja kutazama. Akasema kwa sauti, "Narelle, hili ndilo shamba la kwenu? Mbona juu harusi, chini matanga?"

Walicheka. Mimi nilicheka pia, ningefanya nini?

Nimezitia zote jemu. Umenielewa? Zote.

Usiniandikie kwamba ni mvua. Mvua naijua ilivyo kwenye tunda, inalifanya laini na kuliozesha. Hizi zilikosa nyuki. Kila mbegu iliyopata chavua huvuta nyama yake, na isiyopata hubaki kama ilivyo, kwa hiyo nikishika tunda lako naona siku ambazo hakuna aliyelitembelea. Mizinga ilishushwa mapema, nyuki wakazoea miiba ya mlimani. Nilikuandikia. Nilikuandikia kabla!

Lakini hilo ningelimeza. Kupanga nzuri juu na mbovu chini siwezi. Mimi ndiye ninayewafukuza watu hapa kwa mchezo huo. Ulidhani kwa sababu ni mimi nitafumba jicho?

Narelle

—

Huon
10 Desemba 1988

Narelle,

Ndiyo, nilileta mizinga mapema. Sikuhesabu. Clem aliniuliza akupigie wewe, na mimi nikaona afadhali nikosee mwenyewe kuliko nipatie kwa jina lako. Basi nimekosea. Furahi.

Zile nzuri zilikuwa za matuta niliyopitia kwa brashi. Magoti yangu mpaka leo yana rangi ya udongo. Ningekuwa na mikono kumi ningeyapitia yote.

Lakini sikupanga hivyo vikasha. Nisome vizuri. Mimi nilichuma. Nilikuwa napeleka ndoo bandani na kurudi shambani. Aliyefungasha ni Baba. Nilimwona amegeuka ukutani, anageuza matunda moja moja na vile vidole vyake vinene, nikadhani anatoa yenye matope. Sikuelewa mpaka niliposoma barua yako.

Nikaenda kumwuliza Mama. Mama akasema, "Mwache baba yako." Nikasema, "Kwa nini alifanya vile?" Akasema, "Kwa sababu alijua mkaguzi ni nani, akadhani damu itaona aibu. Na kwa sababu hataki uende Hobart, mjinga wewe. Sasa nipe hiyo sufuria."

Karatasi ya daraja kutoka sokoni ilipofika Baba aliisoma amesimama. Hajasema neno na mtu yeyote tangu siku hiyo. Leo amekaa mezani na kalamu, anakuandikia. Unajua alivyo, akishasema jambo mara moja hawezi kulirudisha hata likimchoma.

Kwa hiyo umeshinda, na hukutoka jasho. Ulichokoa kwa kidole tu.

Kerryn

—

Melbourne
17 Desemba 1988

Kerryn,

Barua ya Baba imefika, mistari minne. Ananiita nirudi. Nimekata tiketi ya meli ya tarehe saba Januari.

Nimeisoma yako kabla ya yake na baada ya yake. Kuna kitu lazima nikuulize, ingawa najua huwezi kukijibu. Msimu wangu wa mwisho nyumbani, ile mvua ya Novemba ilipoozesha nusu ya matunda, mimi na Baba tulifungasha pamoja. Nilimwomba, "Hizi zenye doa tuziweke chini, Baba, mara hii tu." Akanijibu, "Katika shamba hili hatuchezi mchezo huo." Zikaenda kama zilivyo, zikashushwa daraja, na mwezi uliofuata akaniambia nitafute mshahara bara. Alinipeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Hakuzima injini.

Kwangu hakuficha hata tunda moja. Kwako aligeukia ukuta.

Umekuwa ukilia kwamba anakupima kwa jina langu. Mimi ningetoa jina langu lote apate kunidanganyia mara moja tu. Nimeshindwa kula leo. Sijui kama nilitia jemu kwa sababu ndiyo haki yake, au kwa sababu niliona stroberi za kwako nzuri zile, za brashi, na nilijua mimi sikuwahi kupiga magoti hivyo. Nilisema nimezoea tramu. Nilidanganya. Chumba changu kina dirisha, linatazama ukuta.

Natamani kurudi kuliko kitu chochote. Sitajifanya nasikitika.

Narelle

—

Huon
29 Desemba 1988

Dada,

Krismasi imepita. Mama alioka keki, Baba alikula kimya.

Sikutaka kukuambia hili, lakini utaliona mwenyewe ukifika, na nataka usikie kutoka kwangu. Miche imezaa mara ya pili. Ile miiba ya mlimani ilimaliza maua yake mwezi Novemba, na nyuki hawakuwa na pa kwenda ila kushuka. Walishuka, Dada. Kulikuwa na jua kila siku na hakuna upepo. Nilikuwa nakaa kwenye tuta bila brashi, nawaona wanazunguka kila ua kama mtu anayefuta sahani. Sasa matunda yanaiva. Sijawahi kuona stroberi za namna hii, hata wakati wako. Samahani, lakini ni kweli.

Na yataiva yote wiki utakayoshuka melini. Majirani watasema, "Narelle amerudi, tazama shamba." Clem atakuvulia kofia. Nalala nikiwaza hilo, naamka nikiwaza hilo. Nyuki niliwaleta mimi. Waliniadhibu mimi, wakarudi kwangu, na wewe utayala matunda yao.

Kwa hiyo nimemwendea Baba. Nikamwambia, "Nataka trei kumi za kwanza zitangulie Melbourne kabla Narelle hajaondoka sokoni. Nazifungasha mwenyewe."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe usiguse."

Halafu akasema, "Krismasi imeshapita, Kerryn. Neno nililisema."

Nikasema, "Najua. Nataka tu zikaguliwe."

Akasema, "Chukua trei nzuri, zile mpya. Zile za zamani zina misumari."

Zitaondoka Jumanne. Mwaga kikasha chochote, mwaga vyote. Najua ukisema jemu hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe, na shamba ni lako. Ukisema daraja la kwanza, pia shamba ni lako, maana neno la Baba halirudi. Kwa hiyo huna sababu ya kusema uongo, na sina cha kupata. Nataka tu mtu anayejua aseme.

Kerryn

—

Melbourne
5 Januari 1989

Kerryn,

Nimemwaga vyote.

Sikuanza na nia njema, lazima nikuambie. Nilitaka kukuta kasoro. Nilizitandaza meza nzima, nikazigeuza moja moja, natafuta shingo nyeupe, doa, upande uliokunjamana, mdudu, chochote. Bwana Stavros alipita mara ya kwanza, akapita tena, akasema, "Unatafuta nini, pete ya ndoa?" Wenzangu walishamaliza zamu. Nikakosa. Nikaona basi huenda ni nzuri za macho tu, nikala moja.

Unajua tunda la mvua lilivyo, maji matupu. Hili lilikuwa na zile asubuhi za baridi za Huon ndani yake na jua lake la mchana. Nilisimama pale sokoni, mkaguzi mzima, mdomo umejaa, na machozi yananitoka. Bwana Stavros akachukua moja, akala, akaita wanunuzi wake wawili wa hoteli. Hakuacha hata kikasha kimoja. Akaniambia, "Mwambie aliyelima hizi alete kila wiki." Nikasema, "Ni mdogo wangu." Akasema, "Basi wewe kaa hapa ukague, yeye alime. Kila mtu na mahali pake." Ningeweza kumpiga.

Nimeandika daraja la kwanza. Halafu nimempigia Baba.

Akasema, "Meli yako inafika saa ngapi?"

Nikasema, "Itafika bila mimi."

Nilisikia Mama anapanga vijiko.

Akasema, "Nilisema neno, Narelle. Kabla ya Krismasi, nilisema."

Nikasema, "Ulisema utaniita. Umeniita. Hukusema lazima nije."

Halafu, "Unamwonea huruma mdogo wako?"

"Simwonei huruma hata kidogo, Baba. Namwonea wivu mpaka meno yananiuma. Lakini nimekula stroberi zake, na mimi siwezi kulima hivyo. Mimi nilijua kalenda na redio. Yeye amekaa na wale nyuki mpaka wakamrudia."

Nikadhani amekata. Kisha akauliza kama ninakula vizuri huku. Ni mara ya kwanza kuuliza, tangu nije. Nikasema nakula. Tukaagana.

Tiketi nimeirudisha. Usinishukuru, sitaki. Nimekaa chumbani na begi limefungwa na sina nguvu za kulifungua.

Narelle

—

Huon
11 Januari 1989

Dada Narelle,

Nimesubiri siku kadhaa ili nisikuandikie ovyo.

Siku uliyopiga simu, Baba alitoka nje, akashuka hadi shamba la chini, akalizunguka peke yake. Aliporudi tulikuwa mezani, na Mzee Clem alikuwapo, amekuja kuchukua mizinga. Baba akaketi, akavuta sahani, akaniuliza kama mtu anayeuliza saa, "Kule chini unataka kupanda aina gani?"

Nikasema jina la mche. Sauti ilitoka ndogo. Clem akaweka kiganja sikioni, akasema, "Ongea, bosi, hatukusikii." Nikalisema tena kwa nguvu, mpaka Mama akashtuka. Ndivyo nilivyopewa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilienda nyuma ya banda nikakaa chini kwenye majani, nikacheka peke yangu, kisha nikatapika kidogo.

Nilikuwa na furaha mpaka Jumapili.

Jumapili baada ya kanisa watu wamesimama nje, na Baba ana kikombe cha chai mkononi, na ndevu zake. Nikajisogeza karibu. Nilijua atawaambia. Nilikuwa nimevaa lile gauni la bluu kwa ajili hiyo. Mke wa mchinjaji akamwuliza habari za shamba. Baba akasema, "Nyie hamjui binti niliyenaye Melbourne. Msichana alikuwa na tiketi mkononi. Shamba ni lake, nimemwita mwenyewe. Akasema, hapana Baba, mpe mdogo wangu. Nani anafanya hivyo siku hizi? Niambieni, nani?" Na wote wakatikisa vichwa, mke wa mchinjaji akashika kifua, na mchungaji akasema atakutaja wiki ijayo kwenye mahubiri.

Stroberi hakuzitaja hata kidogo. Nilisimama pale na gauni langu.

Mama ndiye aliyenipitia nyuma, akaninong'oneza, "Anakusifu ukiwa hupo. Subiri uondoke kidogo utasikia." Sina mpango wa kuondoka, kwa hiyo nadhani sitasikia kamwe.

Nimefikiri juu ya hilo siku hizi tatu nikichuma. Wewe una maneno yake na mimi nina uso wake mbele yangu, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyepata. Sijui kama kuna dawa ya hilo. Leo asubuhi alinikuta nimebeba trei tatu, akanipokonya mbili bila kusema kitu, akatangulia mbele. Nimekuandikia ili ujue jinsi kulivyo huku, si kwa kukuringia. Labda kidogo kwa kukuringia.

Njoo Pasaka kama msimamizi wako atakuruhusu. Hatutachuma, matuta yatakuwa yamelala. Utakaa tu, ule, na Baba atanyamaza mbele yako kama anavyonyamaza mbele yangu, utaona ni kazi ngumu kiasi gani kukisikiliza kimya hicho kila siku.

Nilitaka sana kukuchukia wiki hii, Dada. Nimechoka na mavuno, ningepumzika na chuki hiyo kidogo. Hata hiyo hukuniachia.

Mdogo wako,
Kerryn